Msaidizi wa kadi kanikatia kambi, shemeji kanuna

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Maryland, Marekani, mwaka wa kumi na nne sasa. Ni muuguzi, zamu zangu ni za usiku. Mume wangu ni wa hukohuko nyumbani, na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka kumi na mmoja na mwingine wa saba. Desemba hii tunakuja siku kumi na nane, wote wanne. Watoto hawajamwona bibi yao ila kwenye simu. Mama katimiza miaka sabini, na nilimwahidi zamani kwamba siku moja nitampeleka Serengeti, maana kaishi Tanzania maisha yake yote na simba kamwona kwenye noti ya shilingi 2,000 tu.

Nina kadi ya mkopo ya daraja la juu. Ada yake inapita dola 500 kwa mwaka, na kila ikikatwa mume wangu huniuliza tunalipia nini. Kati ya vitu vinavyokuja na kadi hiyo ni huduma wanayoiita konsieji: unapiga namba iliyo nyuma ya kadi saa yoyote, au unaandika kwenye programu ya simu, unasema unataka nini, mtu anakutafutia. Mwaka jana walinipatia meza kwenye mgahawa mmoja wa Washington ambao mwenyewe niliuhangaikia wiki tatu nikashindwa. Nikasema, kumbe ada ina kazi.

Basi mwezi uliopita, natoka zamu, nimechoka, nikawaandikia: tunataka safari ya Tanzania, watu sita, siku kumi, wanyama na bahari, bei ya kati. Watu sita ni sisi wanne, mama, na mdogo wangu wa kike. Siku ya tatu wakaniletea mpango wenye picha za kutamanisha. Kambi ya mahema kaskazini mwa Serengeti, jirani na Mto Mara, kulala siku tatu, dola 450 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja na nusu yake kwa mtoto. Kisha hoteli Nungwi, Zanzibar, vyumba vitatu kwa siku sita, dola 180 kila chumba. Nikawajibu maneno mawili: sawa, endeleeni. Kesho yake kadi ikakatwa dola 2,025, amana ya kambi, na dola 3,240 za hoteli, zote kwa mkupuo. Ndipo nikasoma maandishi ya chini: hazirudishwi.

Tiketi za ndege bado. Wamenipendekezea kutoka uwanja wa Dulles, Washington, kupitia Addis Ababa mpaka Dar es Salaam, ila kusubiri Addis ni saa kumi na tano. Nilipouliza kama naweza kulipia kwa pointi nilizokusanya kwenye kadi, wakasema hilo si lao, niingie mwenyewe kwenye tovuti ya safari ya benki.

Sasa uchungu wenyewe. Mume wa mdogo wangu ni dereva wa watalii Arusha, ana Land Cruiser yake, na kazi hiyo kaifanya miaka mingi. Habari kaipata kwa mkewe. Hakunipigia. Alimwambia mama, "Watu wa simu wanaijua Serengeti kuliko mimi. Basi waende Mara hiyo Desemba wakatazame mto mtupu." Toka siku ile nikiandika kwenye kundi la familia hajibu, yeye ambaye hata picha ya maua alikuwa anaiwekea moyo. Wallahi sikumdharau. Niliona haya kumwomba, kwa sababu nilijua atakataa fedha na atakosa kazi za msimu. Mama naye anasema halali kwenye hema, yeye si mwanajeshi, na Zanzibar hakai hotelini wakati dada yake yupo Mwembetanga.

Nimeibiwa, au ndivyo huduma hii ilivyo? Naweza kurudishiwa? Na shemeji nimwanze vipi?

Mwenye kadi, Maryland

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jepesi. Hukuibiwa. Uliandika "sawa, endeleeni", na kwa watu wale hayo maneno mawili ni sahihi yako chini ya mkataba. Ungeandika "nitumieni kwanza masharti ya kufuta", leo tungekuwa tunazungumza habari za zawadi za watoto.

Aliyekujibu si mfanyakazi wa benki yako. Benki na kampuni za kadi nyingi huipa kazi hiyo kampuni ya nje, ambayo hupokea simu za wenye kadi wa mabenki mbalimbali. Sasa hivi yuko na ombi lako, baada ya robo saa yuko na la mtu mwenye kadi ya benki nyingine kabisa. Anaandika ulichosema kwenye mfumo, anatafuta kwenye kompyuta, anapiga simu hapa na pale. Ukipiga kesho utampata mwenzake, naye atasoma kilichoandikwa jana. Ambacho hakikuandikwa hakipo. Wewe uliandika "wanyama na bahari", na yeye akakuletea wanyama na bahari.

Jina nalo limewapoteza wengi. Konsieji ni neno la Kifaransa, mshika funguo na mlinzi wa mlango wa jengo. Kwenye hoteli kubwa ni yule mzee wa mapokezi mwenye beji ya funguo mbili za dhahabu kwenye kola ya koti, na chama cha wenye funguo hizo kilianzia Paris mwaka 1929. Mzee yule anaujua mji kwa sababu anaishi humo. Anajua mgahawa gani umebadilisha mpishi na barabara gani imefungwa leo. Huyu wa kadi kaazima jina, ujuzi wa mji haukuja nalo. Meza ya Washington uliipata kwa sababu baadhi ya migahawa huwatengea wenye kadi za namna hiyo nafasi chache. Kwenye kingo za Mto Mara hakuna meza ya kutengewa mtu.

Simlaumu sana. Nami nilikaa kaunta ya tiketi Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na nimewakatia watu hoteli za miji nisiyowahi kuikanyaga. Picha ikiwa nzuri nilikuwa nauza picha.

Tuje kwenye kambi, maana hapo ndipo penye kazi. Shemeji wako kanuna, lakini kasema kweli. Nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Mvua za vuli zikianza huteremka kusini, na Desemba wengi wao wako njiani au wameshafika nyanda za kusini-mashariki, upande wa Ndutu, ambako huzaa kuanzia Januari mpaka Machi. Kaskazini hakubaki jangwa, simba na tembo wapo mwaka mzima. Ila aliyekuwekea picha ya nyumbu wakijitosa mtoni alikuuzia Agosti. Tena ni mbali. Kutoka Arusha wageni wengi huenda huko kwa ndege ndogo, na nauli hiyo haimo kwenye dola 6,750, ambayo ndiyo bei yenu nzima ya kambi kwa siku tatu. Kwa gari ni kutwa nzima ya vumbi na zaidi, na wewe una mama wa miaka sabini na mtoto wa saba.

Kwa hiyo usiombe fedha zako. Omba kuhama. Kampuni nyingi zenye kambi kaskazini zina nyingine Seronera, katikati ya hifadhi, au kule Ndutu, na mwenye biashara anayekataa kurudisha amana mara nyingi hukubali kuihamisha, kwa sababu fedha inabaki kwake. Andika barua pepe moja kwa moja kwa ofisi ya kambi, siyo kwa msaidizi wa kadi. Taja namba ya oda, sema amana imelipwa, sema mna mzee na watoto na mtakuja kwa gari, kisha uliza: mnaweza kutuhamishia kwenye kambi yenu ya kusini tarehe zilezile? Ndutu inafikika kwa gari kupitia Ngorongoro, na njiani watoto watalichungulia shimo la kreta kutoka ukingoni. Wakisema hawana kambi nyingine, omba tarehe ibaki wazi kwa mwaka mmoja. Dola 2,025 ziko salama zaidi zikiwa nafasi ya kulala mwaka ujao kuliko zikiwa ugomvi.

Hoteli ya Nungwi ni ngumu kidogo kwa sababu umelipa zote. Lakini tazama kalenda. Wiki ya mwisho ya Desemba Zanzibar hujaa, na chumba kikiachwa mapema kinauzwa tena kwa mtu mwingine, pengine kwa bei kubwa zaidi. Mwenye hoteli anajua hivyo. Mtu anayepiga leo na kusema "naomba kuachia chumba kimoja kati ya vitatu" anasikilizwa kuliko atakayepiga Desemba 18. Mama halali huko, kakwambia mwenyewe. Chumba cha tatu ni cha nani?

Sheria za kadi utakuja kuzisikia kwa wenzako kazini, watakwambia "pinga malipo, benki itarudisha". Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayokupa siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa ilipotumwa kwako ili uandike kupinga. Makosa yanayohesabika ni kama kukatwa kiasi kisicho sahihi, kukatwa mara mbili, au kulipia kitu usichopewa kama mlivyokubaliana. Kujuta hakumo. Ukipinga malipo uliyoyaruhusu kwa maandishi, hoteli itatoa ule ujumbe wako wa maneno mawili na kesi itaisha, na chumba utakosa vilevile. Bima ya kughairi safari iliyo kwenye kadi nayo inasimama kwenye ugonjwa, msiba na mambo ya aina hiyo. Shemeji kununa haiko kwenye orodha.

Kuna mahali fedha imevuja na wewe hukupaona. Nyumbani bei za utalii si moja: kuna ya raia wa Afrika Mashariki, kuna ya mgeni mkaazi, kuna ya mgeni kutoka nje. Kiingilio cha Serengeti kwa mtu mzima kutoka nje ni dola 70 kwa saa 24 msimu wa wageni wengi, na VAT inafika dola 82.60. Raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 10,000, na VAT 11,800. Mama yako na mdogo wako wameandikwa kama Wamarekani kwa sababu ombi limetoka Maryland na hakuna aliyeuliza. Kambi na hoteli nyingi pia zina bei ya mkaazi, lakini hawaitangazi kwa mtu aliyejileta na bei ya dola mkononi. Omba. Mama na mdogo wako wabebe vitambulisho vyao vya taifa, wasiviache Tanga kwenye sanduku. Wewe na wanao, kama mnasafiria pasi za Marekani, ni wageni, na kila mmoja wenu atahitaji viza ya dola 100. Usijaribu kumlainisha mtu wa lango kwa lafudhi. Kiswahili cha Tanga hakipunguzi kiingilio.

Zanzibar kuna lingine ambalo watu wa kadi huwa hawalitaji. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar hununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bima ya kadi yako, hata iwe imechorwa kwa dhahabu, haiondoi malipo haya. Lipeni mtandaoni kabla hamjapanda boti.

Tiketi. Zile saa kumi na tano za Addis zikatae, na si kwa sababu ya uchovu peke yake. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na anayesubiri uwanjani kwenye nchi hiyo zaidi ya saa 12 anahesabiwa naye ametoka huko. Ethiopia imo. Wewe muuguzi huhitaji kuambiwa kwamba cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Tafuta ya kusubiri saa mbili tatu.

Na kwa nini Dar es Salaam? Ingieni Kilimanjaro, tokeni Zanzibar. Nilipokuwa kaunta watu walidhani tiketi lazima irudi ilikotua, kumbe kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine mara nyingi nauli haibadiliki sana, na mnaokoa siku mbili za barabarani. Mama na mdogo wako wawapokee Arusha. Baada ya hifadhi mteremke wote na gari mpaka Tanga, ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Moshi, Same na Korogwe, mkae Tanga siku za kutosha watoto waijue nyumba, kisha Dar, boti ya saa mbili, Zanzibar. Mpango wenu wa sasa unawashusha Dar, unawapeleka kaskazini, unawarudisha baharini, na Tanga sikuiona popote kwenye barua yako ila pale uliposema umezaliwa.

Tiketi zenyewe nunua mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege. Sheria ya Marekani inayataka mashirika yanayosafirisha watu kwenda na kutoka huko yakuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila kukatwa, au yakushikilie bei kwa saa hizo, mradi umekata siku saba au zaidi kabla ya safari. Sheria hiyo inayabana mashirika, mawakala haiwabani. Msaidizi wa kadi akikukatia kwa wakala, haki hiyo inaweza kukuponyoka hivihivi. Kama ni pointi, hapo wamekwambia sawa: zina mlango wao kwenye tovuti ya benki, na aliyepokea simu hana ufunguo wake. Pita huko, linganisha na bei ya fedha taslimu, usizitupe pointi kwa sababu tu zipo.

Sasa utaniuliza, basi huduma yenyewe ni ya nini? Ni ya kutumwa. Mtume kazi yenye mwanzo na mwisho, ambayo mtu mwenye simu na subira anaweza kuimaliza. Ndege yenu ikichelewa na mizigo ikabaki Addis, yeye ndiye wa kuwapigia saa nane usiku wakati wewe unabembeleza mtoto. Mama akihitaji kiti cha magurudumu bandarini Dar, yeye apige na akuletee jina la aliyekubali. Keki ya miaka sabini imfikie mama Mwembetanga bila wewe kujulikana, hiyo kazi yake hasa. Lakini mwandikie kama unavyoandika maelekezo ya zamu kwa muuguzi anayekupokea asubuhi, asiyemjua mgonjwa. Mfano:

"Hoteli ya Nungwi, namba ya oda hii hapa. Naomba mwulize meneja wa nafasi, kwa simu na si kwa barua pepe, kama tunaweza kuachia chumba kimoja kati ya vitatu kwa siku zote sita na kurudishiwa au kuwekewa salio. Mkikubaliana, niandikieni jina la aliyekubali na tarehe. Msilipe wala kubadilisha chochote kingine. Malipo yoyote mapya yasizidi dola sifuri bila mimi kuandika neno NALIPA."

Hiyo ya mwisho inachekesha, lakini inafanya kazi. Kila ombi liwe na majina kama yalivyo kwenye pasi, tarehe kamili, bei ya juu usiyotaka kuipita ikiwa na kodi zote, nani ni raia na nani ni mgeni, na nani atatokea kwenye taarifa yako ya kadi kama mpokeaji wa fedha. Akikupendekezea kambi au hoteli, mwulize kwa nini hiyo. Jibu likiwa "ina maoni mazuri", ujue hakuna anayeijua. Na mtu akikupigia yeye, akasema anatoka huduma ya kadi na anataka zile tarakimu tatu za nyuma ili "athibitishe oda", kata simu, upige mwenyewe namba iliyoandikwa kwenye kadi.

Nimemaliza ya dola. Barua yako niliirudia mara ya pili, nikahesabu. Watu sita: nyinyi wanne, mama, mdogo wako. Mume wa mdogo wako hayumo. Mkewe kapangiwa hema Serengeti na kitanda Nungwi, yeye kapangiwa wapi? Kama ulimtaka awe dereva, hukumwambia. Kama ulimtaka awe mgeni wako, hukumhesabu. Unadhani kaudhika kwa kazi iliyompita. Mimi nadhani orodha ya familia ilikwenda kwa mtu wa simu asiyemjua yeyote kati yenu, ikarudi na majina ya watu wa nyumbani kwake, na la kwake halimo.

Haya uliyoiona naijua, ni ya walio nje wote. Mnaogopa kuonekana mnataka cha bure. Lakini mwenzio kakaa Arusha anangoja, na wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Umemnyima kupona.

Usimwandikie kwenye kundi, na usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mpigie. Saa mbili usiku kwake ni mchana kwako. Najua umelala kwa sababu ya zamu, jikaze siku moja. Salimia, uliza watoto, kisha sema: "Shemeji, nimekosea. Nimepanga safari ya Serengeti nikamuuliza mtu wa simu kabla yako. Amana nimeshalipa. Nishauri, niihamishie wapi?" Halafu nyamaza. Atakaa kimya kidogo, halafu atakwambia Ndutu, na barabara, na saa ya kutoka Karatu, na hutaweza kumkatiza. Habari ya fedha usiiguse siku hiyo.

Iguse siku ya pili. Muulize kampuni humlipa kiasi gani kwa siku moja ya Desemba, yeye na gari lake, ukalipe hichohicho, mafuta na viingilio vya gari juu yake, kabla ya safari. Atakataa mara ya kwanza, hiyo ni adabu. Akikataa ya pili, mpitishe mama, mama mkwe hakataliwi. Desemba dereva wa Arusha anatafuta ada ya shule ya Januari, na siku kumi za bure ni ada ya mtoto wake, ambaye ni mpwa wako.

Na muulize jambo moja la kikazi bila kuona haya tena: gari lake likiingia hifadhini kibiashara linaingia kwa leseni ya nani? Biashara ya kusafirisha watalii huhitaji leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi huiita TALA, na madereva wengi wenye gari lao huingia chini ya kampuni fulani. Yeye anaijua njia yake, wewe uijue pia, pamoja na bima ya abiria, kwa sababu undugu hauzuii gari kurudishwa langoni.

Kuna mtego mmoja ambao msaidizi wako wa kadi hatauona hata akae mwaka mzima. Kambi huwa zina malazi ya madereva, kando, nyuma ya jiko. Mkiandikisha kawaida, mdogo wako atalala kwenye hema la wageni, na shemeji atapelekwa nyuma na wenzake wa kazi. Mbele ya mama mkwe! Lilipie hema lao wawili, liandikwe kwa majina yao, na liandikwe kabla hamjafika.

Kuhusu mama na hema, mtumie picha. Mahema ya kambi hizo yana kitanda cha kweli, shuka, bafu na choo humohumo ndani. Jeshi halina hivyo. Mwambie achukue sweta zito, ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na mtu wa Tanga ataona kama kafikishwa Ulaya. Zanzibar mwache akae Mwembetanga kwa dada yake, na watoto wapelekeni wakalale huko walau siku mbili, waamshwe na muadhini na mkate wa mofa.

Hoteli ipigie kesho. Kambi iandikie leo usiku, na ombi la mara hii ulianze upya: watu saba.